Sweta kwanza, vigae baadaye

 

Juzi kliniki, muda wa chai, nilikuwa nimekaa benchi la nje na sindano zangu za kufumia. Mama mmoja aliyekuja kupima mtoto uzito akaniangalia weee, mwisho akashindwa kuvumilia: "Nesi, nyumba yako haijaisha, watoto watatu, na zamu za usiku. Hicho kisweta unakipatia wapi muda?"

Nilicheka, nikamwambia nitakujibu siku nyingine. Jibu lenyewe ni refu na lina aibu yangu ndani yake. Leo naliandika, nimeligawa sehemu nne ili usome hata ukiwa unanyonyesha.

Nitoe msimamo wangu mapema ili asiyekubaliana ajue: kwenye nyumba inayojengwa huku watu wanaishi ndani, hela ya kwanza na muda wa kwanza viende kwenye mwili wa mtoto na chumba anacholala. Sebule isubiri. Wageni wasubiri. Kufuma sweta wakati fundi yuko ukutani siyo kuchezea muda, ni sehemu ya ujenzi.

SEHEMU YA 1: TULIVYOHAMIA

Tuko Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mnaokaa Dar mkisikia "baridi ya Juni" mnafikiria feni kuzimwa. Huku Juni na Julai maji ya ndoo asubuhi yanauma vidole, na wenzetu wa Makete wanaamka wanakuta barafu nyeupe kwenye majani.

Tulihamia kama wengi wetu tunavyohamia. Kodi imeisha, mwenye nyumba anataka ya miezi sita, na kule kwetu bati limeshapanda. Basi tukaingia. Nyumba ina bati, ina mlango wa mbele na wa nyuma, madirisha yana nondo, na vioo upande mmoja tu. Kuta za ndani ni matofali matupu. Silingi bodi hakuna, ukilala unahesabu mbao za paa. Tukasema "tutamalizia tukiwa ndani."

Mama zangu, hilo neno "tutamalizia tukiwa ndani" lingekuwa dawa, ningeandika kwenye boksi lake: weka mbali na watoto.

Maana ukishakuwa ndani, nyumba inaanza kukuchagulia la kufanya. Mdogo wetu alikuwa na miezi mitano na tulikuwa tunapanga ubatizo. Wageni wanakuja, wazazi wa ubatizo wanakuja, mama mkwe anakuja. Baba watoto akasema hatuwezi kuwakalisha watu kwenye sakafu ya saruji. Na mimi, nisijitoe, nilikubali tena kwa furaha. Hela yangu ya kikoba niliyochukua ikaenda kwenye vigae vya sebuleni na jipsamu ya sebuleni yenye taa za kuzunguka. Nilishachagua hadi rangi ya mapazia.

Chumba cha watoto? Tukasema fundi akipata nafasi apige plasta na rangi ya haraka haraka, tutaweka vitanda, mlango tutaufunga wageni wasione.

Soma tena hapo. Tulikuwa tunapamba chumba ambacho mtu atakaa saa nne, tukauficha mlango wa chumba ambacho watoto wanalala saa kumi kila siku. Na sherehe yenyewe ni ya mtoto!

Simsemi mtu. Najisema mimi. Ila nimeingia nyumba nyingi kuwaona wazazi waliotoka kujifungua, na nimeona hivyo hivyo: kochi la maana, luninga ya ukutani, halafu mtoto amelala chumba chenye mifuko miwili ya saruji na dirisha la nailoni.

SEHEMU YA 2: JIKO

Hii sehemu sipendi kuisimulia, ndiyo maana naisimulia.

Plasta ilipigwa Jumatatu. Kawaida plasta ya saruji inataka wiki nne hivi ikauke kabla ya rangi, na kwenye baridi yetu hata zaidi. Sisi tulitaka kupaka Ijumaa. Ukuta umelowa, chumba kinanuka kama kisima. Fundi akasema, "Mama, weka jiko la mkaa humo siku mbili, ukuta utakauka na watoto watapata joto."

Mimi ni nesi. Jambo hili nalifundisha. Nilimwambia, "Sawa, mradi dirisha libaki wazi." Nikaenda zamu ya usiku.

Mama mkwe alikuwa amefika siku hiyo, akalala na wale wakubwa wawili chumba hicho hicho. Bibi gani atawaacha wajukuu na dirisha wazi Julai ya Njombe? Alilifunga. Mkaa ulikuwa umeshashika vizuri, hautoi moshi, akaona uko salama. Kwa mapenzi yake akausogeza karibu na kitanda. Baba watoto alikuwa chumba kingine na mdogo, kalala.

Nilirudi saa moja na nusu asubuhi. Mama mkwe amekaa kitandani kashika kichwa. Mtoto wa miaka minne katapika, nikimwita anafungua jicho analifunga. Mkubwa anasema "mama kichwa kinagonga." Watu watatu, chumba kimoja, dalili moja, usiku mmoja. Nikaliona jiko.

Sikuuliza kitu. Niliwatoa nje mmoja mmoja kwenye ile baridi, blanketi juu, hewa safi, baba watoto akaita gari. Hospitali waliwekewa oksijeni. Wote watatu wako hai na wazima, Mungu ni mwema. Mama mkwe alilia siku mbili akisema amewaua wajukuu wake. Nilimwambia, "Mama, dirisha ulifunga wewe, lakini jiko niliruhusu mimi, na mimi ndiye niliyesomea."

Hiyo hewa inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Mkaa ambao hautoi moshi bado unaitoa. Inaingia kwenye damu na kushika nafasi ya oksijeni, hivyo mwili unakosa hewa huku mtu anapumua kama kawaida. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea, kuchanganyikiwa. Watu huidhania malaria au chakula kibaya. Aliyelala anaweza asiamke kabisa. Kwa mjamzito ni hatari mara mbili, kwa sababu inamfikia na mtoto tumboni. Ukiona watu wa nyumba moja wote wanaumwa kichwa asubuhi na wakitoka nje wanapata nafuu, usisubiri. Zima jiko, toka nje, nenda hospitali ukawaambie "tulilala na jiko la mkaa." Sema bila aibu, hiyo sentensi itawasaidia kuanza oksijeni mapema.

Unajua nini naamini kiliwasaidia? Silingi bodi ambayo haikuwepo. Hewa ilikuwa inapita juu ya kuta, chini ya bati. Lile pengo nililokuwa nalionea aibu mbele ya wageni huenda ndilo lililobaki kati yetu na msiba. Kama tungeanza na silingi nzuri ya kuziba kila tundu, halafu tukaweka jiko lile lile, sijui leo ningekuwa naandika nini.

SEHEMU YA 3: PASHA MTOTO, USIPASHE CHUMBA

Baada ya pale vigae vya sebuleni vilisimama. Tulikuwa tumeshanunua nusu, vikakaa kwenye boksi ukutani. Baba watoto hakufurahi, na siwezi kumlaumu, alikuwa ameshawaambia ndugu zake. Tulibishana siku tatu kwa sauti ya chini ya kutoamsha watoto. Mwisho alikwenda mwenyewe akakaa chumbani kwa watoto saa nne usiku, kimya, bila jiko. Akarudi akasema, "Kweli kuna baridi." Kesho yake akamwita fundi aweke vioo.

Na mimi nikachukua sindano.

Mantiki yangu ni hii. Chumba cha nyumba isiyoisha hakipashiki. Joto linatoka juu, linatoka pembeni, linatoka chini ya mlango. Ukitaka kukipasha utawasha moto, na moto ndani ya chumba cha kulala tumeshaona. Lakini mtoto mwenyewe ana joto lake. Kazi yako ni kulizuia lisikimbie. Nguo ya kufumwa inafanya hivyo kwa sababu hewa inanaswa kati ya nyuzi, na ile hewa iliyotulia ndiyo blanketi lenyewe. Ndiyo maana nguo mbili nyepesi zinashinda moja nzito.

Mtu ataniambia, "Nesi, masweta ya mtumba yamejaa sokoni, ya nini kujitesa?" Nunua! Sina ugomvi na mtumba. Sweta langu la kwanza nililifuma kwa uzi niliofumua kwenye sweta kubwa la mtumba la mwanaume. Ukitafuta la sufu lisilochakaa, ukafumua taratibu, ukaosha uzi na kuuanika, unapata uzi wa visweta viwili vya watoto. Uzi mpya wa masweta mawili uliniingia karibu sawa na mfuko mmoja wa saruji. Nilipomwambia baba watoto hivyo alikaa kimya, maana mifuko ya saruji tumeshaacha kuihesabu.

Nafuma kwa kuanzia shingoni kushuka chini. Faida yake ni kwamba unamvalisha mtoto ukiwa bado unafuma, unaona lilipofika. Na mwakani akirefuka, unafungua ukingo wa chini, unaokota mishono, unaongeza mistari. Mikono naifanya mirefu, naikunja. Sweta la mtoto wa miaka minne linaweza kumfikisha sita namna hiyo, kisha akaachiwa mdogo.

Muda? Muda ni huu: fundi asiposimamiwa, unajua wenyewe. Nilikuwa nakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni nafuma, yeye anapaka. Nikimuuliza "hapo umepitisha msasa?" bila kuinua macho anaruka. Nafuma nikisubiri gari. Nafuma mdogo akiwa amelala kifuani, akiamka naacha katikati ya mstari. Sweta halikasiriki. Ukikosea unafumua, unarudi ulipokosea, uzi haujapotea. Plasta ikikosewa ni hela na kelele. Nadhani ndiyo maana nilipapenda hapo, kwenye nyumba ambayo kila siku kuna kitu kipya kimeharibika, kulikuwa na kitu kimoja ninachoweza kukirekebisha kwa mikono yangu bila kumpigia mtu simu.

Uzi wako uweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Vumbi la saruji likiingia kwenye uzi, linakwenda kwenye ngozi ya mtoto. Na saruji mbichi yenye maji inaunguza ngozi kweli kweli, watoto wasiikanyage. Kama mnakwangua rangi ya zamani kwenye nyumba ya zamani, lowesha kwanza, na mjamzito na watoto wasiwepo, kwa sababu rangi za zamani huenda zina madini ya risasi na vumbi lake linadhuru ubongo wa mtoto.

Sasa niwape ya kinesi, haya msiyaruke:

Mtoto mchanga kabisa hahitaji sweta kwanza, anahitaji kifua chako. Ngozi kwa ngozi, blanketi juu. Joto lake zuri ni nyuzi 36.5 mpaka 37.5. Shirika la Afya Duniani linashauri asiogeshwe kabla ya saa 24. Huduma ya kangaruu kwa watoto njiti ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, pale daktari Edgar Rey alipoona mashine za joto hazitoshi akawapa akina mama watoto wao wawabebe kifuani. Mpaka leo inashauriwa duniani kote, saa 8 mpaka 24 kwa siku. Hakuna sweta linaloshinda hilo, na baba naye ana kifua.

Ndani ya sweta vaa fulana ya pamba, sufu inawasha. Vifungo vishonwe kwa nguvu, vuta mwenyewe, kikitoka mkononi mwako kitatoka mdomoni mwake. Usiweke kamba wala utepe shingoni.

Soksi na vifuko vya mikono, vigeuze ndani nje. Uzi mmoja uliolegea unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto ukakata damu. Mtoto analia saa nzima bila sababu? Angalia vidole vyote vya mikono na miguu.

Usimzidishie. Gusa nyuma ya shingo: ikiwa na joto na kavu, yuko sawa. Ikiwa na jasho, punguza. Mikono kuwa baridi siyo kipimo. Kofia ni kwa mchanga wa siku za mwanzo, hasa njiti. Mkubwa kidogo akilala ndani mvue, inaweza kuteleza ikafunika pua. Na alale chali.

SEHEMU YA 4: MNAONIPINGA

Najua kuna mama anasoma hapa anasema, "Wewe una mshahara, mimi nina vibarua, huo uzi nitautoa wapi?" Una haki. Usifume. Vaa mtoto fulana mbili na sweta la mtumba, mlale kitanda kimoja na mkubwa mwenzake, ziba dirisha kwa ubao badala ya nailoni, jiko libaki nje. Hoja yangu siyo sindano. Hoja yangu ni nani anatangulia.

Kuna mwingine anasema, "Mnawaongezea akina mama kazi. Apike, afue, anyonyeshe, aende kazini, tena afume?" Huyu ndiye alinifanya nifikiri zaidi, na nakubaliana naye nusu. Kama sweta linakunyima usingizi, liache. Mama aliyechoka ni hatari kuliko mtoto mwenye sweta la kununua. Nyumbani kwetu tuligawana. Baba watoto anakunja uzi kuwa madonge na anaosha vyombo ninapofuma. Mkubwa wetu, wa kiume, ana miaka saba, amejifunza mshono wa kawaida kutoka kwa bibi yake. Mama mkwe aliporudi kwao alituachia nusu ya skafu, akamwambia mjukuu, "Imalizie wewe, baba."

Na kuna wale wa "utawapokeaje wageni hivyo?" Hao nawajibu kwa lililotokea.

Ubatizo ulifanyika. Sebule ilikuwa saruji tupu, tukatandika mikeka na kuazima viti vya plastiki kwa jirani. Makuti ya mapambo yalificha waya. Hakuna aliyekufa kwa aibu. Mzee mmoja wa upande wa mume alizunguka nyumba kama wazee wanavyozunguka, akafungua ule mlango tuliokuwa tumepanga kuuficha. Chumba kimekauka, kina silingi bodi, vioo vipo, vitanda viwili. Alisimama pale akasema, "Hapa mmejenga." Akafunga mlango taratibu.

Mdogo alibatizwa amevaa gauni jeupe, na juu yake sweta langu la rangi ya maziwa. Mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine, maana ule wa kushoto niliumaliza baada ya zamu ya usiku nikapoteza hesabu. Nilitaka kuufumua. Baba watoto akasema acha, atakua ataufikia.

Vigae bado viko kwenye boksi mpaka leo. Vitawekwa. Haviumwi, havipigi chafya, havitapiki asubuhi.

Sasa leo usiku nakuomba kitu kimoja kabla hujalala. Ingia chumba wanacholala watoto, zima taa, kaa dakika kumi. Sikia upepo unapoingia. Nusa. Angalia kama kuna jiko, kama kuna ndoo ya rangi, kama kuna mfuko wa saruji. Gusa nyuma ya shingo ya mtoto. Halafu mwamshe mwenzako mpange upya orodha ya fundi, na chumba hicho kiwe namba moja.

Na wewe mama wa kliniki uliyeniuliza, jibu ndilo hilo. Muda siupati. Nauchukua kwa sebule.

Tuonane Jumapili. Nitaandika kuhusu kurudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu, na namna ya kukamua na kutunza maziwa bila friji.